Marehemu Baba Asigeuzwe Hakimu wa Ndoa Yenu



Katika nyumba nyingi hapa kwetu Kenya kuna picha ya mzee ukutani. Mara nyingi ni ile ile iliyochapishwa juu ya kijitabu cha misa ya mazishi: mzee amevaa koti, amekaa wima, hatabasamu. Mgeni akiuliza huyu ni nani, mwenye nyumba hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Halafu habari humtoka nyingi. Atasimulia jinsi mzee alivyoamka kabla ya jogoo, jinsi alivyoweza kutengeneza kila kitu kwa mikono yake, na jinsi alivyosomesha watoto wote bila kumwomba mtu shilingi.

Ni vizuri kumkumbuka baba wa namna hiyo. Lakini ninyi mliofunga ndoa mnajua kwamba marehemu habaki ukutani tu. Siku nyingine hushuka akaketi mezani kati ya bwana na bibi. Siku nyingine huitwa atoe hukumu katika ugomvi asioujua. Kwa hiyo tungependa mtafakari swali hili: tunadaiwa nini na mzazi aliyetangulia mbele ya haki, na tunawezaje kulilipa deni hilo bila kumwumiza mwenzi aliye hai?

UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Kwanza tumpe mzee haki yake. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyumba nyingi zinazoelea leo ziliundwa na mtu aliyetumia akili mahali ambapo pesa hazikuwapo.

Mnawajua wazee wa aina hii. Mmoja alifunga gata kuzunguka paa la bati, akaongoza maji hadi kwenye tangi. Tena akaweka bomba fupi la kumwaga maji ya mvua ya kwanza, ili vumbi na kinyesi cha ndege visiingie tangini. Mwingine aliinua ghala la mahindi juu ya miguu ya mbao, akauzungushia kila mguu bati lililokunjwa kama kofia, panya akipanda anafika hapo anashindwa. Mwingine aligeuza baiskeli kuukuu kuwa mashine ya kunoa visu na mapanga: gurudumu la nyuma aliliinua juu, akafunga mkanda kutoka gurudumuni hadi kwenye jiwe la kunolea, na pedali zikafanya kazi. Taa ya koroboi ilitoka katika mkebe mtupu, na viatu vya akala vikatoka katika tairi lililochoka.

Kule Ukambani, katika milima ya Machakos, wapo wazee waliofanya kazi kubwa zaidi ya hizo. Walichimba matuta ya "fanya juu". Mtaro huchimbwa kufuata usawa wa mlima, na udongo unaotoka hurushwa upande wa juu, ukawa kama ukuta mdogo. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka hukamatwa na ukuta huo, na baada ya miaka mteremko hugeuka kuwa ngazi ambazo mahindi na maharagwe yanaweza kusimama juu yake. Mtu aliyechimba hivyo alijua kwamba faida kamili wangeiona watoto.

Kwa nini watoto humpenda sana baba kama huyu, hata akiwa hakuwa na maneno matamu? Kwa sababu upendo wake uliweza kushikwa kwa mkono. Kabla ya kufunga gata, ilibidi kwanza aone kwamba mgongo wa mama unauma kwa kubeba maji. Kabla ya kuziba miguu ya ghala, ilibidi ahesabu magunia na kuona kwamba watoto watalala njaa mwezi wa tano. Ubunifu wake ulianzia machoni kabla ya kufika mikononi. Aliwaangalia watu wa nyumba yake, akaona wanachokosa, akakaa chini kufikiri. Shikeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

MTU WA TATU NDANI YA NYUMBA

Sasa tuseme binti wa mzee kama huyu ameolewa. Mume wake ni karani mjini. Wanaishi katika nyumba ya kupanga, na mfereji ukivuja yeye humwita fundi. Jioni moja mfereji unavuja tena, fundi hajafika, na mama watoto anasema, "Baba yangu hangengoja fundi. Angekuwa ameshamaliza kazi hii asubuhi."

Ni maneno machache, lakini mume atafanya nini nayo? Akijibu, atakuwa anagombana na marehemu, na watu watamwita mkosefu wa adabu kwa baba mkwe. Akinyamaza, atakuwa amekubali kwamba yeye si mwanamume kamili. Njia zote mbili zinamchoma. Baada ya miaka ya kusikia hivyo, huanza kuchelewa kurudi nyumbani, au huichukia picha ile ukutani ingawa hathubutu kusema.

Wanaume nao wana namna yao. "Baba alilea watoto tisa kwa mshahara mdogo kuliko wangu, na hatukusikia mama akilalamika." Hapo mke anapigwa kwa fimbo mbili, ya baba mkwe na ya mama mkwe. Tena yuko mume ambaye hamwambii mke neno. Hujipima mwenyewe kwa mzee wake, kila siku anajiona amepungua, basi anafanya kazi mbili, Jumapili haonekani, na watoto wanamjua kwa sauti ya mlango saa tano usiku.

Tatizo la kupimana na marehemu ni kwamba mashindano hayo hayana haki. Marehemu hachelewi, hasahau, haombi nauli ya matatu mwisho wa mwezi. Kila mwaka unaopita humpunguzia kasoro. Mume aliye hai hukoroma, hukasirika, hukosea hesabu. Atashindana vipi na mtu ambaye hawezi tena kukosea?

AMRI MBILI ZINAZOKWENDA PAMOJA

Wengine watasema, "Lakini Mungu ametuamuru tuwaheshimu baba na mama. Je, tunyamaze tusiwataje?" La. Amri ya nne haikomi makaburini. Yoshua bin Sira, katika Agano la Kale, anatufundisha kumstahi baba hata nguvu na akili zake zikipungua, na sehemu nzima ya kitabu chake ameitoa kuwasifu wazee waliotangulia.

Hata hivyo Maandiko hayo hayo, tangu kitabu cha Mwanzo, yanasema kwamba mwanamume atamwacha baba yake na mama yake ili aambatane na mkewe, na Bwana wetu Yesu Kristo aliyarudia maneno hayo alipoulizwa juu ya ndoa. Sisi huyafikiria zaidi siku ya harusi, bibi arusi anapotoka kwao. Lakini kuacha ni kazi ya miaka mingi. Unaweza kuwa umehama nyumba ya baba miaka ishirini iliyopita, na moyoni bado unaishi kwake, kila jambo la nyumba yako ukilipeleka kwake aamue. Kwa wengi kuacha huku huwa kugumu zaidi baada ya mzazi kufa, maana alipokuwa hai mlibishana, mkaona pia udhaifu wake.

Basi amri hizi mbili hazipingani. Kumheshimu baba ni kumpa shukrani, ukweli, na sala. Kumwacha baba ni kutompa kiti cha mwenzi wako. Mtoto anaweza kufanya yote mawili, na baba mwenye hekima angetaka hivyo. Alijenga nyumba yake mwenyewe, na hakuwalea watoto ili washindwe kujenga zao.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Tuzungumzie ukweli kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Kwetu sisi marehemu hasemwi vibaya, na desturi hii ina maana yake. Asiyeweza kujitetea asishambuliwe. Lakini kutomshambulia ni jambo moja, na kumzulia maisha ambayo hakuyaishi ni jambo jingine. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Mzee aliyejua kutengeneza kila kitu huenda hakujua kusema pole. Mzee aliyeamka mapema huenda aliwachapa watoto kwa hasira ya uchovu. Watoto wake wakijifanya hawakuyaona hayo, watarithi hasira pamoja na bidii, na watashangaa kwa nini watoto wao wenyewe wanawaogopa.

Kuna ukweli mwingine unaosahaulika katika wasifu unaosomwa kwenye mazishi. Tunasema "matuta ya mzee", "tangi la mzee", "shamba la mzee". Nani alichimba naye? Yale matuta ya Ukambani, sehemu kubwa ilichimbwa na vikundi vya mwethya, watu wa kijiji wakifanya kazi leo kwa huyu na kesho kwa yule, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa akina mama. Mzee alipima mstari, na mama alishika jembe huku mtoto akiwa mgongoni. Mzee alibuni ghala, na mama alijua ni debe ngapi zitabaki hadi mavuno. Tukimsifu baba peke yake, tunawafundisha vijana wetu kwamba nyumba hujengwa na mtu mmoja. Halafu kijana anaoa, anajaribu kuijenga peke yake, na mkewe anabaki mtazamaji.

Kwa hiyo binti anayemwambia mumewe "baba yangu angekuwa ameshamaliza" ajiulize pia: mama yangu alikuwa wapi wakati ule? Pengine alikuwa ameshika taa.

BABA WA MTAKATIFU TERESA

Tuchukue mfano wa familia moja inayojulikana katika Kanisa lote. Louis Martin alikuwa fundi wa saa katika mji wa Alençon, Ufaransa. Mwaka wa 1858 alimwoa Zélie Guérin, aliyekuwa na kazi yake ya kushona lesi ambayo mji ule ulisifika kwayo. Walipata watoto tisa. Wanne walikufa wakiwa wadogo, na mabinti watano wakabaki. Wa mwisho wao ndiye tunayemwita Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu.

Louis alikuwa mtu wa bidii, na saa ni kazi inayotaka subira. Lakini angalieni alichofanya mwaka wa 1870. Biashara ya lesi ya mkewe ilikuwa imekua kuliko yake. Akauza duka lake la saa, akaanza kumsaidia mkewe katika biashara ya lesi. Hakuona kwamba amepoteza uanaume wake. Aliona nyumba inahitaji nini, kama vile mzee wetu alivyoona kuhusu maji na ghala.

Mwaka wa 1877 Zélie alifariki kwa saratani ya matiti. Louis akahamia Lisieux na mabinti zake watano, ili wawe karibu na ndugu wa marehemu mama yao. Teresa alikuwa na miaka minne tu, na alimpenda baba kiasi cha kumwita mfalme wake. Halafu likaja jaribu zito. Akili ya mzee ilianza kuharibika, na mwaka wa 1889 ikabidi apelekwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Alikaa huko miaka mitatu. Alirudi nyumbani akiwa hawezi kutembea, akafa mwaka wa 1894.

Mwaka uliofuata Teresa alianza kuandika kumbukumbu zake. Angeweza kuandika juu ya baba wa siku njema tu, na msomaji asingejua. Hakuificha miaka ile ya aibu. Aliitaja, na akaihesabu kuwa hazina ya familia yao. Papa Fransisko alipowatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, wakawa bwana na bibi wa kwanza kutangazwa pamoja. Kanisa halikumtenga fundi wa saa na mgonjwa wa Caen, wala halikumtenga mume na mkewe.

Mfano huu unatuhusu sana. Wapo wazee hodari walioishia kusahau majina ya watoto wao, au kulishwa kwa kijiko. Jamaa huona haya, na katika wasifu miaka hiyo hurukwa kwa maneno "aliugua kwa muda". Je, siku mikono ya baba iliposimama, yeye aliacha kuwa baba? Mkijibu kwamba hakuacha, basi jibu hilo limpeni pia mume aliyepoteza kazi mwaka huu, anayekaa kibarazani bila kujua la kufanya na mikono yake. Nyumba inayofundisha kwamba thamani ya mwanamume ni vitu anavyotengeneza humwua mtu huyu kabla ya siku zake.

SANDUKU LA VYOMBO

Neno fupi juu ya vitu alivyoacha. Ndugu wamegombana kwa ajili ya shamba, na wengine kwa ajili ya randa na msumeno. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, ipo ili mjane na watoto wasinyang'anywe. Mkiwa na shida, tafuteni ushauri mapema, kabla ya maneno makali. Lakini nyundo iliyofungiwa sandukuni kwa sababu "ilikuwa ya baba", wakati mtoto wa jirani anatafuta ya kujifunzia kazi, haimkumbuki mtu yeyote. Mzee aliyegeuza mkebe kuwa taa asingependa kuona chuma chake kinaliwa na kutu.

NAMNA YA KUMKUMBUKA

Tuseme basi yafaa mfanye nini.

Kwanza, wasimulieni watoto kitu kimoja kimoja badala ya sifa za jumla. "Babu alikuwa hodari" haiwasaidii. Waonyesheni gata. Waelezeni kwa nini aliweka lile bomba fupi, na lilimsumbua vipi kabla halijafaulu. Hapo watajifunza kufikiri.

Pili, badala ya kuuliza "Baba angefanya nini?", ulizeni "Baba alimtazama nani alipofanya hivyo?" Yeye aliona mgongo wa mama ukiuma. Leo katika nyumba yenu ni nani anayeumia? Huenda mke wako hahitaji tangi. Huenda anahitaji uwalaze watoto jioni mbili kwa wiki ili apumzike. Ukiliona hilo na kulitafutia njia, umemrithi mzee hata kama hujui kushika patasi.

Tatu, mwenye lalamiko aliseme kwa kinywa chake. Mke mmoja atauliza, "Na kama mume wangu ni mvivu kweli, ninyamaze?" Usinyamaze. Mwambie, "Mfereji huu umevuja wiki mbili, nami nimechoka kupangusa sakafu." Neno hilo ni lako, naye anaweza kulijibu. Lakini ukimwita marehemu atoe ushahidi, umeleta shahidi asiyeweza kuulizwa swali.

Nne, wewe uliyeoa au kuolewa katika nyumba hiyo, usimwonee wivu marehemu. Uliza habari zake. Sema, "Mama watoto, nieleze tena ile mashine ya kunoa visu ilikuwaje." Mtu anayeruhusiwa kumkumbuka baba yake kwa furaha hana haja ya kumtumia kama fimbo. Mara nyingi ile fimbo ni huzuni tu iliyokosa mahali pa kwenda.

Tano, semeni shukrani sasa. Sifa zote tulizomsomea mzee mbele ya jeneza, yeye hakuzisikia. Labda katika miaka yake yote hakuna aliyemwambia, "Baba, lile ghala limetuokoa." Mwenzi wako bado ana masikio.

Sita, mwombeeni. Tarehe 2 Novemba na mwezi wote ule Kanisa linawakumbuka marehemu waamini. Anayemwombea baba yake anakiri kwamba alikuwa mtu mwenye kuhitaji huruma ya Mungu kama sisi, na kukiri hivyo humweka mzee mahali pake pa kweli.

Picha ibaki ukutani, nanyi mfutieni vumbi. Yeye amemaliza kazi aliyopewa. Ya nyumba hii mmepewa ninyi wawili.

KWA MAZUNGUMZO YA BWANA NA BIBI

1. Ni kitu gani kimoja ambacho baba yako alikitengeneza, na alikitengeneza kwa ajili ya nani?

2. Je, nimewahi kukupima kwa mzazi wangu, au kwa mzazi wako? Ulijisikiaje?

3. Ni jambo gani la baba yangu ambalo sitaki kulirithi, na utanisaidia vipi?

4. Wiki hii, ni nani anayeumia katika nyumba yetu bila sisi kuona?